Shikamoo Mchumaji

Mpanda, mgahawani, alasiri. Kesho ndiyo safari.

Sekela mwanangu,

Barua zote ulizoniandikia kutoka shuleni zilianza kwa kuniuliza hali, nami nikajibu kwa kukuuliza hali, tukamaliza ukurasa mzima hatujaambiana kitu. Leo sikuulizi. Hali yako naijua, nakusikia huko uani unavyocheka na shangazi zako mkilikalia begi ili lifunge. Mimi niko meza ya mwisho, karatasi nimeiweka mbali na birika, na kila mteja anayeingia ananiuliza kama naandika wosia. Nimewaambia ndiyo, nagawa vikombe.

Mambo ya kufua, ya kula kwa wakati na ya kuvaa sweta nayaruka. Baridi ya Rungwe itakufundisha sweta upesi kuliko mimi. Nataka nikuandikie habari za chai tu, basi. Kesho alfajiri unapanda lori la Sumbawanga, kutoka huko basi la Mbeya, halafu Tukuyu, na wiki ijayo utakuwa umesimama kwenye banda la kununulia majani ya chai, wewe karani, mizani inaning'inia mbele yako. Na kwenye foleni atakuwemo mama yangu. Nimeona niandike badala ya kusema, maana nikisema nitalia, wewe utalia, na baba yako atakimbilia porini kwenye mizinga yake ya nyuki asirudi mpaka lori liondoke.

Mama yangu hujawahi kumwona. Nilipokwenda kumzika baba yangu wewe ulikuwa na surua, nikakuacha hapa na mama mkwe wangu, bibi yako Nyamizi. Kwa hiyo huyo bibi wa Rungwe, Bibi Tupokigwe, unamjua kwa jina tu na kwa yale ninayokusimulia nikikanda unga wa maandazi. Ana shamba dogo la chai mgongoni mwa kilima, mashina waliyoyapanda yeye na babu yako nikiwa mtoto. Miaka ya karibuni alikuwa ameyaacha yarefuke yawe miti, na wenzake wengi walifanya hivyohivyo, wamechoshwa na makarani wa mizani. Sasa wamekuja wanunuzi wa ng'ambo wanaosema watanunua majani ya wakulima wadogo kwa bei ya maana, mradi waone mchumaji anapimiwa haki yake. Kijiji kimepogoa tena. Wamekubaliana wajaribu msimu huu, na karani wa msimu huu ni wewe.

Juzi dereva wa lori la dagaa, yule anayechukua mzigo Kapalamsenga, ziwani, na kuupeleka Mbeya, alileta neno kutoka kwa mama. "Mwambieni mjukuu wangu nitakuja na tenga langu, nione kama anajua kupima. Nisipoona, chai yangu nairudisha porini." Alilisema hapa mezani huku akicheka, nami nikacheka naye, kisha nikaenda jikoni kukoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa.

Ngoja nianzie mbali kidogo, mteja ni mmoja tu na anakunywa polepole.

Uliwahi kuniuliza kwa nini mwenye duka la kona anauita mgahawa wangu "kwa daktari". Nimekuwa nikikwepa miaka yote. Siku baba yako aliponileta Mpanda nikiwa bibi harusi, ukoo mzima ulikuwa unanisubiri kwa hamu moja tu. Baba yako, enzi hizo utingo wa lori, alikuwa ametangulia kujisifu kwamba anaoa binti wa nchi ya chai. Wakamwambia vizuri sana, basi huyo mkwe atupikie chai ya kwao, tujue chai ni nini. Mimi nami nilikuwa nimejiandaa. Nilitoka kwetu na gunia dogo la majani niliyoyachuma kwa mikono yangu, majani mawili na chipukizi, safi kabisa. Mwanangu, mimi nilichuma chai tangu nikiwa sijafika kiunoni kwa mama, lakini kiwandani sikuwahi kuingia hata mara moja. Nilidhani wanayakausha tu na kuyafunga kwenye karatasi.

Nikayaanika kwenye mkeka, jua la Mpanda likayakausha vizuri, nikayachemsha kwenye sufuria kubwa ya msibani. Yakatoka maji ya rangi ya bwawa. Nikawaambia wakwe zangu karibuni. Babu yako wa hapa akawa wa kwanza, akanywa, akatulia, akanywa tena. Hakuna aliyekunja uso. Walikuwa wamekaa kwenye mikeka wamevaa nguo zao za kanisani, wanameza mmoja baada ya mwingine, na mimi nimepiga magoti najisikia malkia. Mwisho babu yako akaweka kikombe chini, akaniuliza kwa upole kabisa, "Na hii, mkwe, inatibu nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini kesho yake asubuhi alikuja jirani na kikombe, akisema amesikia bibi harusi wa Rungwe ana dawa ya tumbo. Akaja mwingine. Baba yako alinusurika kufa kwa kicheko. Na yule wa duka la kona, wakati huo kijana tu, alikunywa vikombe viwili, mpaka leo anaapa vilimponya. Ndiyo maana ya "kwa daktari". Sasa unajua, na ukimwambia nimekusimulia nitakataa.

Aliyeniokoa ni bibi yako Nyamizi. Jioni aliniita jikoni kwake, akatoa paketi ya majani ya chai ya dukani, akanifundisha kuanzia mwanzo: maji yachemke kwanza, maziwa yaje lini, majani yakae muda gani, asali iingie wakati gani ili isichache. Mimi, mchumaji, nafundishwa chai na mama wa porini ambaye hajawahi kuona shina lake. Nikaonja. Kwetu asubuhi ilikuwa uji na ndizi za kuchemsha, chai tulikuwa tunaipeleka bandani mbichi, lori linaichukua, tumemaliza. Nikasema, "Kumbe ndiyo hii." Bibi yako akaniuliza, "Mama yako ameshawahi kunywa hii?" Nikamwambia labda kwenye sherehe ya kanisa, hivihivi nyumbani hapana, yeye anachuma tu.

Akafikiri. Akasema haiwezekani watu wanywe kazi ya mikono ya mtu mzima bila kumwamkia. Akashika kikombe chake kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo mchumaji." Ndipo akanywa.

Ilianza hivyo. Wewe uliikuta, ukadhani nyumba zote za Mpanda zinaamkia chai. Nakumbuka siku ulipotoka kwa rafiki yako umekasirika kwamba wamekunywa bila salamu, ukasema wale watu hawana adabu. Na nakumbuka siku nyingine, ulikuwa na miaka michache tu, ulikataa katakata kusalimia. Ulikunja mikono ukasema, "Kila siku namwamkia. Mbona haitikii?" Bibi yako Nyamizi akasema anaitikia hukohuko kwao, ni mbali, hatusikii. Hukuridhika, nilikuona. Hata mimi sikuridhika, lakini nilikuwa na maandazi kwenye mafuta.

Amekuja Mzee Masanja na kibuyu cha maziwa, nimesimama kidogo kumpokea. Tangu ahamie huku na ng'ombe zake kutoka Usukumani hajawahi kukosa siku ya treni. Nimemwambia nakuandikia wewe. Anasema nikuandikie hivi: "Mwambie huko wana ng'ombe wa maziwa kweli, lakini wamefungiwa bandani kama wafungwa. Asije akaolewa huko, nyie." Nimeandika, ameridhika. Sasa ameshika kikombe, ameinama, anaamkia kwa sauti ile yake ya kuita ng'ombe, na abiria wawili waliokuja kusubiri treni ya Tabora wanamtazama kama mgonjwa. Usijali, akimaliza kuwaeleza na wao wataamkia. Ndivyo inavyokuwa siku zote.

Narudi. Nataka nikuambie mambo mawili niliyoyakosea, maana najua wewe ni mimi mtupu na utayakosea vilevile, tofauti ni kwamba utakuwa na mizani mkononi.

La kwanza unalikumbuka kwa harufu. Ni wakati soko limeshakuwa huria, kila mtu mfanyabiashara. Alikuja kijana na majani ya chai kwenye gunia, hayana karatasi, hayana jina, bei ya kutupa. Nikamuuliza yametoka wapi, akasema yametoka tu. Nikayanusa, makali, meusi, safi. Nikanunua gunia zima na kuimba njia nzima hadi nyumbani. Kesho yake nikamiminia watu. Bibi yako Nyamizi akashika kikombe chake, akainamisha kichwa, halafu akakiinua tena. Akaniuliza, "Leo namwamkia nani?" Nikamjibu kwa haraka kwamba ni walewale wachumaji wa siku zote. Akasema, "Umejuaje?"

Mzee Masanja, ambaye alikuwa ameshakunywa nusu, akasema, "Mimi nishamwamkia. Sasa sijui nimemwamkia nani." Watu walicheka mpaka benchi likaanguka. Nami nilicheka, lakini masikio yalikuwa yananiwaka. Yule kijana aliporudi kuniuzia tena nilimkalisha, nikampa andazi, nikamuuliza vizuri. Akasema ukweli: yalitolewa kiwandani kwa mlango wa nyuma, na walioyachuma hawakulipwa, waliambiwa yameharibika njiani. Akilini nilimwona mama yangu amerudi nyumbani na tenga tupu, ameambiwa yameharibika njiani.

Ungependa nikuambie nilimwaga gunia lile. Sikumwaga, sina utajiri huo. Niliyapika mpaka yakaisha, na siku zote hizo bibi yako alikunywa uji, akinitazama juu ya kikombe. Hajawahi kunisema. Nilipofungua paketi mpya yenye jina la kwetu aliomba vikombe viwili, akaamkia mara mbili, akasema ya pili ni ya wale waliopitwa. Tangu hapo nauliza. Nauliza kila paketi, kila muuzaji, mpaka wananikwepa sokoni. Majibu mengine ni ya uongo, najua, siwezi kwenda kuhakiki Rungwe kila nikinunua chai. Nauliza tu, na aliye na majibu ndiye anayeniuzia.

La pili ni yule mnunuzi wa asali mwenye debe lililotuna. Baba yako na wenzake walikuwa wanarina asali ng'ambo ya Litapunga, wanalala porini na nyuki wanawavimbisha macho, halafu anakuja bwana mwenye debe lililogongwa kwa ndani mpaka likawa na kitambi. Debe jina tu, linabeba na nusu ya ndugu yake. Kila mtu alikuwa anaona, hakuna aliyesema, maana hapakuwa na mnunuzi mwingine. Mimi nikasema nitamkomesha. Siku alipoingia hapa nilimwambia mbele ya watu wote kwamba mwizi hanywi chai yangu. Wateja walinipigia makofi. Nilijiona mkubwa, mwanangu, nilitembea siku nzima nimeinua kidevu.

Bwana yule alikwenda kununua asali upande wa Inyonga. Asali ya baba yako ikakaa kwenye mapipa hadi mvua zikaja, na hasira yangu ikakaa humo pamoja nayo. Baba yako hakuniambia neno baya. Aliniambia tu, "Mama Sekela, ungemnywesha kwanza." Nilikasirika zaidi, wewe shahidi, tulilala mzungu wa nne.

Msimu uliofuata alipita tena akielekea stesheni, akaenda kukaa kwa jirani. Nikaenda mwenyewe na kikombe. Chai ya maziwa, asali ya baba yako ndani, nzuri kuliko zote nilizowahi kupika. Nikamwambia hapa tuna desturi, unamwamkia mchumaji kwanza. Akacheka, mtu mwenye meno mazuri, akasema shikamoo mchumaji, akanywa. Akasema asali hii ni ya nani. Nikamwambia, "Ni ya mrina asali. Naye umwamkie, yuko pale anachonga mpini." Baba yako alikuwa nje, anajifanya hasikii. Yule bwana akatazama kikombe, akatazama nje. Kisha akainuka kweli, akatoka, akamwambia baba yako shikamoo, ingawa ni rika moja. Baba yako alichanganyikiwa akajibu "marahaba" kama askofu. Bado tunamcheka.

Sikuambii kwamba mtu alibadilika siku ile kama kwenye mahubiri. Alibishana bei mpaka jua likazama. Lakini alikuja na debe jipya, lililonyooka, na baba yako alipolijaza alilipapasa pande zote kama anayenunua ng'ombe, wakacheka wote wawili. Mpaka leo ndiye anayenunua. Na akifika anaanza kwa kunywa chai.

Sasa nakuja kwako, karani wangu.

Nilipokuwa binti mdogo nilisimama kwenye ile foleni karibu kila siku ya kuchuma. Palikuwa na karani mmoja, kijana nadhifu, shati jeupe. Mizani ilikuwa ya kuning'inia, kama utakayoikuta. Tenga likishatundikwa yeye alikuwa analisogelea, kama anayetaka kuona vizuri, na goti lake linaingia chini ya tenga. Kidogo tu. Mshale unapanda juu, kilo zinabaki kwenye goti. Akina mama walikuwa wanaona kama sisi tulivyoona lile debe. Siku moja mama yangu alimwinamia akamuuliza kwa huruma, "Mwanangu, goti linakuuma? Naona linapumzika kwenye tenga langu." Foleni nzima ilicheka mpaka chini bondeni. Karani aliondoa goti. Kesho yake akaanza kukata kilo za maji, eti majani yamelowa, hata siku ya jua. Mama alicheka tena, lakini nyumbani hakucheka. Alikaa akitazama mikono yake, vidole vyeusi kwa utomvu, akasema huyu kijana tangu aje hajawahi kuniamkia.

Hilo ndilo lililomuuma, Sekela, hata kuliko kilo. Mtu mwenye umri wa mama yake anamwekea tenga mbele, naye anaanza na mizani.

Juzi kwenye chakula uliniuliza itakuwaje ukilazimika kukataa majani ya bibi yako mwenyewe. Shangazi zako walikuambia nyamaza, nani anakataa majani ya bibi yake. Mimi nilijifanya natafuta chumvi. Nakujibu sasa. Yakatae. Yakiwa makubwa, makavu, yamekaa juani, yakatae, lakini umtazame usoni na umwonyeshe jani lenyewe. Atakutukana, jiandae, mama yangu ana mdomo. Atasema amekulea ingawa hajakulea. Kesho yake ataleta majani mawili na chipukizi kama yalivyochorwa, maana mimi alinipiga kofi la mkono kila nilipochanganya jani zee. Anajua chai nzuri. Anachotaka kuona ni kama wewe unaijua, na kama tenga lake unalipima kama la jirani yake, si zaidi, si pungufu. Ukimwongezea kwa sababu ni bibi yako, jioni kijiji kizima kitakuwa kimejua, na mashina yatarudi kuwa miti.

Naogopa kidogo, nakwambia ukweli. Naogopa uchovu. Najua utakuwa umesimama tangu asubuhi, mvua ya kule haina adabu, lori la kiwanda linapiga honi, foleni ndefu, na goti la mtu yeyote likichoka linatafuta pa kuegemea. Lakini nina furaha kubwa kuliko hofu, furaha ya kuniaibisha mbele ya wateja. Asubuhi nimemimina chai bure kwa watu wote wa treni, na nimejikuta naimba wimbo wa kuchuma ambao nilidhani nimeusahau. Mtoto aliyezaliwa kwenye moshi wa mgahawa huu anarudi kusimama upande wa pili wa ile foleni yangu. Nani angeniambia siku ile nimepiga magoti na sufuria yangu ya maji ya bwawa?

Ndani ya begi, chini ya kanga mpya, nimeweka birika dogo la bluu. Bibi yako Nyamizi ametia chupa ya asali, ameifunga kwa mpira wa baiskeli na ameniapisha nisiifungue. Anasema asali hiyo ni salamu kutoka kwake kwenda kwa mama mkwe mwenzake, na kwamba wamechelewa kujuana, wazee wote wawili. Kuna pia paketi ya chai, ya kwetu Rungwe, nimeuliza. Siku ya kwanza ya mapumziko nenda kwa bibi yako ukampikie. Unajua jinsi. Maji kwanza. Majani hayo yametoka kwenye vilima vya kwao, yakapita kiwandani, yakaja kwa treni hadi kwangu, na sasa yanarudi kwa lori na asali ya Mpanda ndani. Usimhutubie chochote. Mmiminie tu, umwachie anywe.

Nasikia mnaniita huko uani, begi limefunga. Nitamalizia haraka kabla hujaja kunichungulia begani.

Ule ukaidi wako wa utotoni, ulipokunja mikono ukauliza mbona haitikii, sijausahau. Nimekuwa nikiamkia mvuke wa birika tangu niolewe, asubuhi na jioni, na hata mara moja sijasikia kitu. Nimezoea. Lakini wiki ijayo atakuja mwenyewe mbele yako, mfupi, kitambaa kichwani, tenga mgongoni, amekunja midomo kama anayetafuta ugomvi. Hutahitaji kuonyeshwa, ana pua yako. Kabla hujaligusa tenga lake, rudi nyuma hatua moja, goti lako liwe mbali, mikono yako aione. Mwambie maneno yale uliyoyasema mwaka hadi mwaka bila kujibiwa. Kisha nyamaza, usikilize.

Akikuitikia, nunua stempu siku hiyohiyo. Niandikie aliitikia kwa sauti gani, na kama alicheka. Usiniulize hali, mwanangu. Anza na hilo.

Mama yako,
aliyewapikia wakwe zake majani yasiyopita kiwandani